Bei ya Kwanza ni Salamu

Saa moja na nusu asubuhi katika soko la Port Victoria, huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, mhojaji wa mapendeleo ya walaji niliyekuja kumtazama akifanya kazi hajamwuliza mtu swali hata moja. Ananunua mboga. Amepita kwa akina mama watano waliotandika magunia upande unaoelekea ziwani, na kwa kila mmoja amechukua fungu moja la managu kwa bei ile ile, shilingi 20. Kila fungu amelitia katika mfuko wake na kuandika namba juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Kisha amekwenda nyuma ya kibanda cha mitumba, akachuchumaa, akatoa mizani ndogo ya betri na kuanza kupima.

Hakuna mafungu mawili yaliyolingana. La kwanza ni zito kwa sababu limenyunyiziwa maji muda si mrefu; analikung'uta, analipima tena, anaandika uzito wote wawili. La pili lina mabua marefu. Anachambua majani, anayapima peke yake, maana majani ndiyo yaingiayo chunguni na bua hutupiwa mbuzi. Yule mama wa tatu alikuwa amemtilia kiganja cha nyongeza bila kuombwa. Hicho kilikuwa kimetengwa katika kifuko chake, nacho kikapimwa.

Nilimwuliza kwa nini anahangaika hivyo kabla hata ya kuanza kazi. "Bado sijajua bei," akanijibu, macho yakiwa kwenye mizani.

Ilinichukua muda kuelewa. Katika maduka makubwa ya Kisumu kilo husimama, bei ikapanda na kushuka. Katika masoko yetu bei husimama, fungu likajaa na kukonda. Jua la Januari likikausha mashamba, fungu la managu bado ni shilingi 20, ila limepungua hata mtoto anaona. Mvua ikirudi linanenepa, na bei haikutikisika. Gorogoro nalo, lile kopo la kilo mbili la kupimia mahindi na maharagwe, laweza kuwa limebonyezwa kitako likaingia ndani, na mnunuzi mwenye macho hulitazama chini kabla ya kulitazama ndani. Mtafiti aandikaye "managu, shilingi 20" kila mwezi kwa mwaka mzima ameandika jambo lile lile mara 12. Kwa hiyo mhojaji huyu hupima kwanza, na nyongeza huihesabu, kwa kuwa nyongeza ni sehemu ya bei. Mama mboga ambaye hapunguzi hata shilingi moja hupunguza kwa kiganja.

Ufundi huu wa kupima kabla ya kuuliza una babu wa mbali. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Frederick Waugh aliingia masoko ya Boston kutazama mboga zilivyouzwa kwa jumla: nyanya, matango, na ile mboga ya machipukizi iitwayo asparaga. Hakumwuliza mtu anapenda nini. Alichukua vipimo vya kila shehena, akaandika bei iliyofikiwa, kisha akakaa na hesabu kuona ni sifa gani hasa iliyokuwa ikilipiwa. Katika asparaga aliona kwamba wanunuzi walilipia urefu wa sehemu iliyo kijani, inchi kwa inchi. Makala yake ilitoka mwaka 1928, na mpaka leo wachumi wanaotenganisha bei ya kitu na bei ya sifa zake humrudia. Napenda kumfikiria akiwa na rula yake kando ya matoroli ya mboga, wachukuzi wakimpigia kelele apishe njia. Angekuja Port Victoria, angeikuta mizani ile ya betri akaitambua.

*

Nani anataka kujua managu gani yanapendwa Bunyala? Wengi kuliko mtu anavyodhani. Mbegu bora huchukua miaka mingi kutengenezwa, na mlaji akiikataa sokoni, miaka hiyo yote imeoza. Kule Arusha, Kituo cha Mboga cha Dunia kilitoa aina za mnavu, yaani managu yetu, zenye majani mapana, kama Nduruma na Olevolosi. Hapa kwetu Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, aliutoa umri wake kwa mboga za kienyeji wakati wasomi wengi waliziona kuwa magugu: saga, mrenda, mitoo, kunde, terere, managu. Leo mboga hizo hupandwa kwa mistari, huuzwa mjini, na mtu wa kuzitafutia mbegu anahitaji kujua: jani pana au jembamba? Uchungu mwingi au kidogo? Bua laini au jani tupu?

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ninaipenda methali hiyo, lakini kisa cha viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile ambavyo Tanzania huviita viazi lishe, kinaonyesha kwamba kizuri chaweza kukaa kwenye gunia hadi jioni. Viazi hivyo vina kemikali ya rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na eneo zima la Ziwa Victoria lilikuwa na watoto waliohitaji vitamini hiyo. Aina nyingi za rangi hiyo zilizotoka ng'ambo zilikuwa laini na zenye maji. Mtu mzima wa huku hataki kiazi cha maji. Anataka kiazi kikavu chenye unga, kile kinachokwama kooni kikadai chai. Watafiti walipolisikia hilo vizuri, wazalishaji wa mbegu walirudi shambani. Nchini Uganda, Robert Mwanga na wenzake walitoa mwaka 2007 aina mbili za rangi ya chungwa zenye ukavu wa kutosha, NASPOT 9 O na NASPOT 10 O, ambazo wakulima wanazijua kwa majina ya Vita na Kabode. Mwaka 2016 Mwanga, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Wakati wa sherehe kama hizo watu huwataja wazalishaji wa mbegu. Mimi huwafikiria pia wahojaji, wale waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya miembe wakisubiri mtu amalize kutafuna.

Maana kuonjesha watu ni kazi ya adabu nyingi. Viazi huchemshwa kwa sufuria za namna moja, kwa muda ule ule, hukatwa vipande vya ukubwa mmoja na kuletwa vikiwa na joto lile lile. Havipewi majina wala herufi. Ukikiita kimoja A na kingine B, mtu huanza kuamini kwamba A ni cha kwanza, basi hupewa namba za tarakimu tatu zisizo na maana, 472 au 815. Mpangilio hubadilishwa kutoka mtu hadi mtu, kwa sababu kipande cha kwanza huliwa kwa njaa na cha mwisho kwa kushiba. Kati ya kipande na kipande mtu husukutua kwa maji. Kisha huulizwa amekipenda kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana kina alama 9, kuanzia kuchukia kabisa hadi kupenda kabisa, na katikati pana mahali pa asiyependa wala kuchukia. Kilitokana na utafiti wa chakula cha wanajeshi wa Marekani, na David Peryam na Francis Pilgrim wakakieleza kwa maandishi mwaka 1957. Wahojaji wa huku mara nyingi hukipunguza kikawa cha alama 5 na kuchora nyuso, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka, ili bibi asiyesoma naye aguse kwa kidole.

Kwa mboga adabu hiyo huwa nzito maradufu. Managu hayaliwi yakiwa yamechemshwa tu. Kuna anayeyamwaga maji ya kwanza, kuna anayetia maziwa na kuyalaza usiku kucha, kuna asiyepika mrenda au kunde bila munyu wa kienyeji uliochujwa kutoka kwenye majivu. Ukiwaonjesha watu managu ya mpishi mmoja, umewaonjesha managu au mkono wa mpishi? Wanaoijua kazi humchagua mpishi mmoja anayeheshimika pale pale kijijini, wakampa kila aina katika chungu chake, maziwa kwa kipimo, kisha wakaandika wazi kwamba haya ni managu ya Bunyala yaliyopikwa Kibunyala. Hawadai zaidi ya hapo.

Kuna pia jopo la waonjaji waliofundishwa, watu wachache wanaokaa siku kadhaa wakitafuta maneno ya kile wanachokionja. Hawaulizwi kama wanapenda. Kazi yao ni kueleza. Katika utafiti wa viazi vitamu wa Keith Tomlins na wenzake uliotoka mwaka 2012, moja ya ladha zilizoandamana na ile rangi ya chungwa ilikuwa ya boga. Neno hilo ni dogo, lakini anayelipata amepata ufunguo. Mtu akisema kiazi hiki sikipendi, mzalishaji wa mbegu hana la kufanya. Akisema kinanikumbusha boga, mzalishaji anajua pa kwenda kutafuta.

*

Ugumu ninaoustahi kuliko wote uko kwenye lugha, na hapa Kiswahili chenyewe humtega mhojaji.

Mwulize mtu kama anapenda embe bichi. Umemwuliza kuhusu embe lililochumwa leo, au embe lisiloiva linaloliwa kwa chumvi na pilipili? Samaki mbichi ni yule ambaye hajakaushwa, maziwa mabichi ni yale yasiyochemshwa, na majani ya kijani kibichi ni rangi tu, hata yakiwa yamechumwa juzi. Neno moja limebeba upya, ukosefu wa moto, ukosefu wa kuiva na rangi. Sokoni watu wamejinusuru kwa kusema "freshi". Lakini hata freshi ni sifa anayoitoa muuzaji, na kila muuzaji anayo ya kwake tangu asubuhi hadi magharibi. Mhojaji wangu alikuwa amelifuta neno hilo kwenye dodoso. Mahali pake aliuliza: mboga uliyonunua ilichumwa lini, leo, jana au juzi? Umejuaje? Majibu ya lile swali la pili yalikuwa hazina. Mmoja alivunja bua akanisikilizisha mlio wake. Mwingine alisema hutazama ncha ya kikonyo palipokatwa, kama pameshakuwa peusi. Wa tatu alisema hamtazami mboga, humtazama muuzaji: kama miguu yake ina tope, ametoka shambani.

Kuna na neno tamu. Kiazi kitamu ni kitamu kwa sukari, lakini managu yanapokuwa matamu ni kwa sababu ya uchungu wake. Kijaluo nacho husema *mit* kwa asali na kwa mboga iliyokolea. Ukiandika kwenye dodoso "Je, managu haya ni matamu?" utapata ndiyo ya mpenda uchungu na ndiyo ya asiyependa, na baadaye kompyuta itazijumlisha kama jambo moja. Basi maswali hutafsiriwa, kisha hupewa mtu mwingine ambaye hajaona asili ayarudishe kwenye lugha ya mwanzo, na panapopishana ndipo kazi inapoanzia. Nimeambiwa kuhusu mjadala wa asubuhi nzima juu ya swali moja la uchungu, katika Kiswahili, Kinyala na Kijaluo, na sioni kama muda huo ulipotea.

Hata rangi ya chungwa. Machungwa yetu mengi huiva yakiwa bado kijani kwa nje, kwa hiyo jina hilo halimwonyeshi mtu kitu. Mhojaji hodari hubeba kiazi kilichokatwa au kadi za rangi, akanyamaza, akanyoosha.

*

Watu huulizwa wangapi, na nani? Hapa pana nidhamu isiyoonekana. Mhojaji alisimama kwenye njia ya kuingilia sokoni na kumhesabu kila aliyetoka na mboga; wa tano ndiye wake. Wa tano akiwa mzee mwenye haraka, ni huyo. Akiwa kijana wa bodaboda aliyetumwa na mkewe na hajui hata jina la alichonunua, ni huyo huyo, na kutojua kwake kunaandikwa. Nilimwona akimwacha mama mmoja mchangamfu aliyekuwa tayari kuzungumza mchana kutwa, kwa sababu alikuwa wa nne. Anayewachagua wanaotabasamu huishia kujua mapendeleo ya wanaotabasamu.

Alipomfikia mtu wake alimsalimu kwanza, mulembe mama, oyawore baba, kulingana na alivyosikia wakizungumza. Alijitambulisha, akaeleza kwamba kukataa ni haki yao, akangoja. Hakusema neno hata moja kuhusu afya. Ukimwambia mtu kwamba mboga hii inaongeza damu kisha ukamwuliza kama anaipenda, atakujibu kwa heshima. Watu wa huku wamelelewa wasimkatishe tamaa mgeni, na heshima hiyo, nzuri nyumbani, huharibu takwimu. Ulimi humjali mgeni. Mkono unaoingia kwenye leso kufungua fundo la pesa humjali mwenyewe na watoto wake. Kwa hiyo ufundi wote wa fani hii, nionavyo mimi, ni kutafuta namna ya kuuliza ambapo mkono ndio unaojibu.

Mbinu iliyonivutia zaidi ni ya mfuko wa kitambaa. Mama amesimama mbele ya fungu la managu lililopimwa. Anaambiwa: taja bei ya juu kabisa ambayo wewe mwenyewe ungelipa kwa fungu hili, leo, kwa pesa zako. Anataja, inaandikwa. Kisha anaingiza mkono mfukoni, mna vikaratasi vya bei mbalimbali, anachomoa kimoja. Bei iliyotoka ikiwa sawa na aliyoitaja au chini yake, analichukua fungu na kulipa ile iliyotoka. Ikiwa juu, hakuna biashara, wameagana.

Tazama ilivyosukwa. Tuseme kwa moyo wake fungu lile ni la shilingi 30. Akijifanya mjanja akasema 15, kisha kikatoka kikaratasi cha 20, amekosa kwa 20 kitu ambacho angekilipia 30 kwa furaha. Akitaka kumpendeza mhojaji akasema 50, kikatoka cha 45, atalipa 45 kwa kitu asichokiona kufikia hapo. Alichokitaja kinaamua kama atanunua, lakini hakiamui atalipa ngapi, na kwa sababu hiyo hana faida ya kupandisha wala kushusha. Kusema kweli ndiyo njia yenye nafuu kwake. Gordon Becker, Morris DeGroot na Jacob Marschak waliieleza mbinu hiyo mwaka 1964, miaka mitatu baada ya William Vickrey kuonyesha wazo la jamaa yake katika minada. Kila ninapoifikiria nastaajabu kwamba watu walikaa wakabuni mchezo ambamo uongo haulipi, na kwamba mchezo huo unaingia kwenye mfuko wa kitambaa.

Lakini uletwe sokoni kwetu, uone. Sokoni kwetu bei ya kwanza ni salamu. Muuzaji anasema 50 ili mnunuzi apate pa kuanzia, mnunuzi anasema 20 kuonyesha kwamba amesikia, na baada ya habari za watoto na za mvua wanakutana pale ambapo wote wawili walijua tangu mwanzo. Mama akiambiwa ataje bei yake ya juu kabisa, anataja ile ya salamu. Atawezaje kuanza na ya mwisho? Mhojaji asiyelijua hilo ataandika kwamba watu wa ziwani hawathamini mboga.

Mhojaji huyu alianza na peremende. Alimwuliza mama ataje bei yake kwa peremende moja, akamwachia achomoe kikaratasi, akampa au akamnyima kadiri mfuko ulivyosema. Wakarudia. Mara ya tatu mama mmoja alitaja bei ya chini kama kawaida, kikatoka kikaratasi cha juu kidogo tu, peremende ikarudi kwenye kopo, naye akasema, "Kumbe hapa hatupatani." Hilo ndilo neno mhojaji alilokuwa akilingojea. Alifunga kopo la peremende, akasogeza managu.

Kuna mitego mingine midogo ndani ya mchezo huo. Watafiti wengi humpa mshiriki pesa kidogo kabla, kwa ajili ya muda wake, na mtu aliyepewa pesa hujiona analazimika kuzitumia pale pale. Wengine huzitoa mapema na kusema wazi kwamba ni zake, hata asiponunua chochote. Mshiriki lazima ajue kuwa atalipa kweli na kuondoka na mboga kweli. Nchini Uganda, Shyamal Chowdhury, J. V. Meenakshi, Keith Tomlins na Constance Owori waliwalinganisha watu waliochagua viazi kwa pesa halisi na wengine waliochagua kwa maneno tu, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba bei za maneno zilikuwa juu sana kuliko za pesa. Waliwahi hata kuwaonya washiriki kwamba watu hupandisha bei wanapojua hawatalipa. Onyo lilisaidia, halikutosha. Waliona pia kwamba walioelezwa faida ya kiazi cha rangi ya chungwa kwa afya walikuwa tayari kukilipia zaidi. Ndiyo sababu mhojaji wetu anafunga mdomo kuhusu afya. Maelezo yana nguvu, na kitu chenye nguvu hutolewa kwa kipimo, kwa kundi moja na kwa siku iliyopangwa.

Hugo De Groote, Simon Kimenju na mwenzao walitumia mbinu ya vikaratasi magharibi mwa Kenya kwa unga wa mahindi, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba watu waliukubali unga wa njano kwa bei ya chini, na wakaongeza pesa kwa unga uliotiwa virutubisho. Kwa nini njano ishuke? Wakenya wenye umri wanaikumbuka njaa ya 1984, wakati mahindi ya njano yalipoletwa kama chakula cha msaada, na rangi hiyo ikabaki na kumbukumbu ya foleni. Lakini Nyanza palikuwa na mahindi ya njano ya tangu zamani, yanayoitwa nyamula, ambayo bibi zetu waliyapenda. Rangi moja, kumbukumbu mbili. Mizani haitakwambia hilo, wala mfuko wa vikaratasi. Inabidi ukae uulize.

*

Kukaa na kuuliza kuna ngazi yake. Jonathan Gutman aliandika mwaka 1982 jinsi sifa ya bidhaa inavyounganishwa na kile mtu anachokithamini maishani, na kutoka hapo ikazaliwa desturi ya kupanda na mtu kidato kwa kidato kwa swali moja: na hilo lina maana gani kwako? Tuseme mama anapenda sukuma wiki yenye majani madogo. Kwa nini? Kwa sababu majani makubwa mno yametiwa mbolea nyingi. Na hilo lina maana gani kwako? Dawa na mbolea huingia tumboni. Na hilo? Mtoto akiumwa, wakwe wataniona sijui kulea. Umeanza na ukubwa wa jani, umefika kwenye heshima ya mtu nyumbani kwake. Mhojaji anayejua kazi hii huuliza polepole na hujua pa kukoma, maana kidato cha juu kabisa si mahali pa kumwacha mtu peke yake. Nilimwona akifunga daftari na kuzungumzia mvua kwa dakika tano kabla ya kuaga.

Mbinu nyingine ni rahisi mno, na ninaipenda kwa urahisi wake. Weka vitu vitatu, uliza kipi kizuri zaidi na kipi kibaya zaidi, basi. Jordan Louviere alilianzisha wazo la bora na duni mwishoni mwa miaka ya 1980. Carl Johan Lagerkvist wa Sweden, pamoja na Julius Okello na Nancy Karanja wa Nairobi, walilitumia kujua ni sifa zipi za sukuma wiki zinazowagusa zaidi wanunuzi wa Nairobi. Mukani Moyo na wenzake walionjesha viazi vitamu vilivyochemshwa nchini Ghana na Uganda kwa njia ya vitatu vitatu, wakachapisha mwaka 2021. Hakuna alama 9, hakuna nyuso. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kujibu, na majibu ya wengi yakikusanywa mpangilio mzima hujitokeza.

*

Jioni mhojaji alikuwa na mahojiano 22 kwenye kishikwambi chake na tope hadi magotini. Nilidhani kazi imeisha. Alirudi kwa mama wa tatu, yule wa nyongeza, akanunua fungu jingine kwa shilingi 20. Lilikuwa kubwa karibu mara mbili ya lile la asubuhi, na limenyauka. Akalipima.

Kisha alifungua daftari la karatasi, akanionyesha safu aliyoiongeza mwenyewe kando ya tarehe. Haimo kwenye dodoso la ofisi. Iliandikwa *mwezi*. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, wakizifuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, mitumbwi hulala, na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kabisa. Wiki ya mbalamwezi pesa hupotea ufukweni. Mama yule yule, mbele ya fungu lile lile, hutaja bei nyingine, na asiyeandika mwezi atadhani ladha yake imebadilika. Mto Nzoia ukivunja kingo na kufunika mashamba ya Budalang'i, hilo nalo lina safu yake.

Tulitoka kuelekea ufukweni. Giza lilikuwa limeingia, na taa za kwanza za wavuvi zilianza kuwaka mbali upande wa visiwa. Alizihesabu kwa kidole, akainamia daftari, akaandika: *mchanga, siku ya 3*.